Hata anayeitwa mwizi ana haki ya avoka

Wandugu, mwaka 2020 tuliangalia ku televizyo kesi ya Vital Kamerhe mu gereza ya Makala. Wengi wetu tulisema: franga za Leta zimeliwa, avoka ni ya nini tena? Mwezi wa 6 akakatiwa miaka 20. Mwezi wa 6 mwaka 2022, korti ya rufaa ikamwachilia.

Alikuwa safi? Si mimi wa kuamua. Lakini kesi ya franga ni kesi ya makaratasi, na ku upande wa mushitakiwa lazima mtu ayasome.

Katiba, kifungu 19, inakupa avoka tangu polisi. Dada, patron akisema umekula makuta ya duka, usitie sahihi ku PV usiyoelewa. Omba avoka kwanza.