Mapishi ya Kigiriki kwa Vitendo: Mafunzo ya Likizo kwa Watoto katika Mazingira ya Igamba

Mafunzo ya upishi kwa vitendo ni darasa ambalo mtoto hupika mwenyewe, kuanzia kunawa mikono na kuchambua maharage hadi kupakua, chini ya macho ya mpishi mzoefu. Mpishi akipika huku watoto wamekaa kwenye mabenchi wanatazama, hilo ni onyesho tu. Vivyo hivyo mtoto anayeitwa kumenya vitunguu kisha akaambiwa atoke nje hajafundishwa kupika. Baadhi ya migahawa ya Kigiriki iliyoko nje ya Ugiriki huendesha madarasa ya namna hii shule zinapofungwa, na aina ya chakula chenyewe inawasaidia. Mapishi ya Kigiriki yana kazi nyingi za mikono ambazo mtoto wa miaka minane anaziweza: kukanda unga, kuchuja mtindi, kufunga wali ndani ya majani, kutunga nyama kwenye vijiti. Kazi za moto mkali ni chache, na nyingi kati ya hizo zinaweza kuachiwa mtu mzima bila mtoto kujiona amenyang'anywa chakula chake.

Wagiriki si wageni Tanzania. Tangu enzi za Wajerumani walikuwapo wakandarasi wa Kigiriki kwenye ujenzi wa reli, na baadaye wengi waliingia mashambani: mkonge Tanga, kahawa Kilimanjaro na Arusha, tumbaku Iringa. Arusha walikuwa na kanisa la Kiorthodoksi na shule ya watoto wao. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 na utaifishaji uliofuata, wengi waliondoka. Mtoto wa Nyanda za Juu Kusini leo hukutana na Ugiriki katika habari za Olimpiki au kwenye kitabu cha historia, mezani ni nadra. Hata hivyo, ukiitazama orodha ya vyakula vya Kigiriki ukiwa umesimama sokoni Igamba, vitu vinavyokosekana ni vichache kuliko inavyodhaniwa.

Igamba ni kata ya Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ni nchi ya Wanyiha, nchi ya kahawa, mahindi na maharage, yenye udongo mzuri na baridi ya kutosha. Likizo ndefu za shule ni mbili, ya Juni na ya Desemba. Ya Desemba huangukia msimu wa kupanda na kupalilia, na mvua huharibu barabara, kwa hiyo kuwakusanya watoto huwa shida. Ya Juni inafaa zaidi. Mvua zimekwisha, mahindi yanavunwa, maharage mapya yako ndani na kabichi zipo sokoni. Kasoro yake ni kwamba kahawa nayo huanza kuchumwa kipindi hicho na mikono ya watoto huhitajika nyumbani. Darasa la saa mbili au tatu asubuhi, siku mbili au tatu kwa wiki, linaendana na hali hiyo kuliko kambi ya kutwa nzima.

Sababu ya kuhangaika na jambo hili ni nzito. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo ni mikoa ya chakula kingi. Songwe inapakana na Rukwa na watu wake wanakula karibu vilevile. Ghala lililojaa mahindi halitoshi. Anayeamua ugali uliwe na nini ni yule anayepika, na nyumba nyingi za vijijini mpishi huyo ni binti wa miaka kumi au kumi na mbili aliyebaki na wadogo zake wakati mama yuko shamba. Kumfundisha yeye na kaka yake kupika maharage yenye karoti, nyanya na majani ni kuifikia sahani ya mtoto mdogo kwa njia fupi. Kaka naye asiachwe: darasa linalojaza wasichana watupu linarudisha mzigo palepale ulipokuwa.

Chakula cha kuanzia

Somo la kwanza linalofaa ni mtindi wa kuchuja, ambao Wagiriki huuchanganya na tango na kitunguu saumu kuwa kiteweo kiitwacho tzatziki. Hakuna moto hata kidogo. Mtindi mzito unamiminwa kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa na kukaushwa, kinafungwa fundo na kuning'inizwa juu ya bakuli. Maji ya rangi ya njano-kijani huanza kudondoka papo hapo. Baada ya saa tatu au nne kinachobaki kitambaani ni kizito kiasi cha kusimamisha kijiko. Maji yale hayamwagwi, yanatunzwa kwa ajili ya kukandia unga. Tango linakwaruzwa, linatiwa chumvi, linaachwa dakika kumi, kisha mtoto analikamua kwa viganja vyote viwili. Hapa ndipo wengi huharibu: tango lisipokamuliwa sawasawa, mtindi unarudia wepesi wake ndani ya nusu saa. Kitunguu saumu kinatwangwa kwenye kinu na chumvi kidogo, tone la siki au ndimu linaongezwa, na mafuta kijiko kimoja. Wagiriki hutumia mafuta ya zeituni. Igamba yatumike ya alizeti, na mwalimu aseme wazi kwamba ladha itatofautiana.

Kwa kuwa mtindi unahitaji muda wa kuchujika, mkate unakandwa wakati huohuo. Mkate wa pita ni unga wa ngano, hamira, chumvi, mafuta kidogo na maji ya vuguvugu, na mtoto anayejua chapati ameshaufikia nusu ya njia. Kinachoongezeka ni hamira, na hamira ni kiumbe hai. Maji yakiwa ya moto kiasi cha kuunguza kidole, inakufa. Yakiwa ya baridi, inalala. Asubuhi ya Juni uwanda wa Mbozi una baridi kali, na donge ambalo mchana wa joto lingeumuka kwa saa moja linaweza kuchukua saa mbili. Bakuli lifunikwe na kuwekwa karibu na jiko, lisiwekwe juu yake. Donge likishaongezeka mara mbili linakatwa, linasukumwa kwa unene wa kidole kidogo na kuokwa kwenye kikaango kikavu kilichopata moto vizuri. Likishika joto linajaa hewa na kufura. Mtoto akiliona likifura mara moja, hahitaji tena kuelezwa mvuke hufanya nini ndani ya unga.

Maharage yanastahili siku yake peke yake. Supu ya maharage meupe, fasolada, huhesabiwa na Wagiriki wengi kuwa ndiyo chakula chao cha taifa: maharage, kitunguu, karoti, nyanya, figili na mafuta mengi. Maharage yenyewe yametoka Amerika, yakafika Ugiriki na Mbozi kwa njia tofauti, na pande zote mbili yakawa chakula cha kila nyumba. Mbozi ina jambo la ziada la kufundisha. Kwenye kimo cha mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 badala ya 100, kwa hiyo maharage hukawia kuiva na kuni huteketea. Kuyaloweka usiku kucha, kumwaga maji yale na kufunika sufuria wakati wa kupika hupunguza muda huo kwa kiasi kikubwa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania, lakini hadi gesi itakapofika kila jiko, mfuniko ndio unaookoa kuni.

Mishikaki haihitaji maelezo marefu. Souvlaki ya Kigiriki ni ndugu yake wa karibu, ila viungo vyake ni ndimu na majani makavu yenye harufu. Majani ya mzabibu ya kufungia wali hayapatikani Igamba, na si lazima yatafutwe, kwa kuwa Wagiriki wenyewe hutumia kabichi msimu wa baridi. Jani la kabichi linatumbukizwa kwenye maji ya moto mpaka lilegee, mshipa mnene wa katikati unapunguzwa kwa kisu, mchele wa Kamsamba uliochanganywa na kitunguu na nyama ya kusaga unawekwa kijiko kimoja, kisha jani linakunjwa pande na kuviringishwa. Mchele usijazwe mpaka pomoni, kwani ukiiva unavimba na kupasua jani.

Kuna chakula kimoja kinachounganisha Ugiriki na mpaka wa Tunduma moja kwa moja. Wagiriki hunywa salepi, kinywaji cha moto kinachotengenezwa kwa unga wa viazi vya okidi. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, viazi vya okidi husagwa na kuchanganywa na unga wa karanga kupata chikanda, na viazi vingi vya biashara hiyo vimekuwa vikichimbwa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania na kuvushwa Tunduma. Uchimbaji huo unang'oa mmea mzima, na ulikuwa miongoni mwa sababu za kuitangaza Kitulo kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Habari hii isimuliwe darasani, ila chakula chenyewe kisipikwe. Watoto wajue kwamba kuna kiungo ambacho kikitoka porini bila kipimo hakirudi.

Usalama na mipaka ya kazi

Watoto kumi na wawili wanatosha darasa moja, na kila wanne wawe na mtu mzima mmoja. Kibao cha kukatia kiwekewe kitambaa chenye unyevu chini yake kisiteleze, kisu kiwe kikali, kwa maana kisu butu hulazimisha nguvu na ndicho kinachokata watu, na ncha za vidole vinavyoshika kitunguu zikunjwe kwa ndani. Mipini ya vikaango ielekezwe ukutani. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata baridi iwe kali namna gani, kwa sababu hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu na inaua. Mtoto akiungua, sehemu iliyoungua iwekwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na asali vikae mbali na kidonda. Wapishi wote wawe wamepimwa afya, na afisa afya wa kata aarifiwe kabla ya siku ya kwanza.

Suala gumu kuliko yote haya ni mahali. Igamba, jiko lenye masufuria ya kutosha na maji ya uhakika ni la mgahawa au la mama lishe, na mgahawa ni biashara. Mtoto aliyejifunza kukanda unga vizuri ni rahisi kuombwa akande wa kesho pia, halafu wa keshokutwa, na likizo ikaisha akiwa kibarua asiye na ujira. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Kwa hiyo darasa lifanyike saa ambazo mgahawa hauna wateja, mzazi atie saini na ajue saa ya mwanawe kurudi, na asiwepo mtoto anayeosha vyombo vya wateja kwa kisingizio cha mafunzo. Kanuni moja irahisishe ukaguzi: chakula kilichopikwa na watoto kiliwe na watoto au kibebwe nyumbani kwao, na kisiuzwe hata sahani moja.