Binti Akisema Aliyoyaona

Sisi tunaosema nanyi asubuhi hii tu watu wa Sugoi, upande wa Turbo, na twajua kwamba saa hii wengi wenu mmekwisha kukamua ng'ombe na chai iko mezani. Twawaomba mkae nasi kidogo, maana neno la leo linatuhusu sisi wenyewe kabla halijawahusu ninyi.

Mwaka 2016 vijana wa kanisa letu waliombwa waandike katika daftari jambo walilopata kuliona wakiwa wadogo, kisha walisome mbele ya mkutano wa Jumapili alasiri. Wavulana wengi waliandika habari za shule na mpira. Msichana mmoja, aliyekuwa mtoto wa darasa la tatu wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, aliandika habari ya jirani. Alisema asubuhi moja alikwenda kuchota maji, akakuta nyumba ya rafiki yake imekuwa majivu, na sufuria ya uji ingali juu ya mafiga. Tena jioni ile aliiona blanketi ya watu wale nyumbani kwa mtu anayemfahamu. Hakumtaja jina.

Alipofika hapo tulimkatiza. Twasema "tulimkatiza" kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyetaka aachwe amalize. Tulimwambia, "Binti yetu, hayo yamepita, usitoneshe kidonda." Akafunga daftari, akaketi. Tukaimba, tukanywa chai. Tulijiona tumelinda amani, kumbe tulikuwa tumemlinda mwenye blanketi.

Fungueni nasi Hesabu sura ya 27. Hapo mnawakuta mabinti watano wa Selofehadi, ambao baba yao alifia jangwani bila kuacha mtoto wa kiume. Walisimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa, na Eleazari kuhani, na wakuu, na mkutano wote, wakasema wazi kwamba si haki jina la baba yao lipotee na wao wakose urithi. Tazameni basi alivyofanya Musa. Hakuwauliza ni nani aliyewatuma, wala hakuwaambia kwamba desturi ni desturi. Alilipeleka neno lao mbele za Bwana, na Bwana akamjibu kwamba mabinti wale wamesema sawa. Sheria ya urithi katika Israeli ikatengenezwa kwa sababu yao. Na majina yao yote matano yameandikwa: Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza.

Kwetu, msichana akisema sana huitwa mmbea. Wazee wakikaa chini ya mti tangu asubuhi hata jua litue, wakizungumza habari za watu wale wale, hilo huitwa baraza.

Tuna mfano mwingine ulio karibu zaidi, wa siku zile zile alizoziandika binti yetu. Mnakumbuka kwamba tarehe 30 Desemba 2007 matangazo ya moja kwa moja yalipigwa marufuku, watu wakabaki gizani wakati ambapo nchi inawaka. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje tu ya Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao akina mama na watoto. Wakati huo mwanasheria kijana, Ory Okolloh, alikuwa amezoea kuandika maoni yake juu ya mambo ya nchi katika intaneti. Aliwaomba watu wamletee habari za waliyoyaona, naye akayaandika, hata yakamzidi nguvu. Ndipo yeye na wenzake, akiwamo Juliana Rotich, binti aliyekuwa Eldoret siku zile, wakatengeneza njia ya mtu yeyote kutuma habari kwa simu yake ya mkononi, zikaonekana katika ramani. Waliiita Ushahidi. Mwaka 2010 njia hiyo hiyo ilitumika kule Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Mtu atasema, "Je, wasichana hawa wakisema uongo?" Swali hilo ni halali, na wazee nao huweza kusema uongo. Wale wa Ushahidi walijitahidi kuilinganisha habari moja na nyingine kabla ya kuiamini. Petro naye, wanawake walipotoka kaburini na habari ambayo mitume waliiona kuwa upuuzi, aliondoka akaenda mbio kutazama. Sisi hatukwenda kutazama hata hatua moja, na nyumba ile iliyochomwa ilikuwa ng'ambo tu ya kijito.

Mwaka 2017, kabla ya uchaguzi wa Agosti, wazee watatu na akina mama wawili tulikwenda nyumbani kwa binti yule tukamwomba radhi mbele ya wazazi wake. Alituuliza neno moja tu: "Mtanisikiliza mpaka mwisho?" Jumapili iliyofuata alisoma daftari lote. Ilichukua muda mrefu, na watu wawili walitoka nje.

Alipomaliza, mama mmoja mzee alisimama. Alisema kwamba cherehani ya jamaa ile imekuwa chini ya kitanda chake miaka tisa. Aliiokota uani wasije wakaichukua wengine, kisha akaona haya kuuliza waliko wenyewe, maana angeulizwa yeye ni nani hata ajue. Tulitafuta miezi miwili, tukapata habari zao huko Nakuru. Binti yule ndiye aliyeandika barua kwa mkono wake, na cherehani ikapakiwa juu ya matatu, imefungwa kwa gunia.

Tuinamishe vichwa, tuombe.