Ndeke ya Kinshasa inafika saa ngapi?

Maneno ya mhusika wa mapokezi mbele ya mkutano wa memba



Mwenyekiti ameniomba nieleze juu ya nini mama mmoja, aliyerudi kutoka Ulaya na batoto wawili, alifika hapa Luano akakosa mtu wa kumpokea. Nasema wazi: kosa ni langu, na lilikuwa kosa la hesabu.

Tikiti yake ilionyesha kutoka N'djili, Kinshasa, saa 8:00 asubui. Kati ya N'djili na Luano, mstari ukinyooka, kuko karibu kilometa 1,550. Ndeke ya jeti inakimbia kama kilometa 800 kwa saa moja. Gawanya, utapata chini kidogo ya saa mbili. Ongeza dakika za kupanda na za kushuka, inakuwa saa mbili na robo. Nikajumlisha: 10:15. Nikamtuma shofere.

Nilisahau kama inchi yetu iko na saa mbili. Huku Lubumbashi tunatangulia Kinshasa kwa saa moja nzima. Ndeke ilikuwa ya kuingia 11:15 ya kwetu, na ndivyo tikiti ilivyoandikwa, lakini mimi niliangalia tu mstari wa kutoka. Shofere alingoja, akanipigia simu: ndeke haiko. Nikawaza mama amekosa safari, nikamwambia arudi mjini. Nusu saa nyuma, mama akashuka. Hakuwa na namba ya simu ya hapa. Pesa ya kuanzia maisha, ile aliyokuwa amefunga kwa kitambaa, alianza kuitoa kwa taksi, akizunguka kutafuta anwani yetu.

Kwa kurudi Kinshasa, tikiti inadanganya kwa upande mwingine. Ukitoka Luano 12:15, utasoma kufika 13:30. Mutu anasema, ah, ni saa moja na robo tu! Hapana, ni zile zile mbili na robo. Tena wale waliokaa Tanzania wanaita 10:00 saa nne. Mukiongea kwa simu, someni namba kama ilivyo kwa tikiti, na mutaje mji.

Kuna aliyeuliza kama hatuwezi kuacha ndeke, tutumie njia ya chini. Gari moshi mpaka Ilebo, kiisha mashua kwa Kasai mpaka Kinshasa: mwenye batoto na mizigo, simutumi huko.

Jambo kubwa zaidi, na hapa naongea na wafadhili, ni usiku wa Kinshasa. Kutoka Brussels ni karibu saa nane za hewani, na mara nyingi mutu anatua mangaribi, wakati ndeke ya Lubumbashi ni ya kesho. Tiketi inalipwa, lakini kitanda, chakula na taksi ya kutoka N'djili, zaidi ya kilometa 20 mpaka katikati ya mji, havina mwenye kulipa. Naomba sanduku letu liweke pesa ya usiku mmoja kwa kila anayerudi. Na yule mama arudishiwe ya taksi. Sehemu nitatoa mwenyewe.

Tangu sasa kitabu cha mapokezi kiko na mistari miwili: saa ya Kinshasa, saa ya Lubumbashi. Kiko pale kwa meza ya sekretere. Mwenye ndugu atakayeingia mwezi huu, apite aandike mbele ya kutoka.