Hotuba ya Mwenyekiti: Mahindi ya Uani



Mwaka wetu wa kwanza tulipanda uani mvua za Novemba ziliposhika, mbegu mbili kila shimo, na samadi ya mbuzi. Yalistawi hasa! Yalipobeba tukayauza mabichi kwa wachoma mahindi wa barabara ya Kasulu, tukalipa marejesho. Daftari safi. Aprili tukakopa tena sandukuni, kununua unga. Tulioneana haya.

Ndipo tukapatana: mistari miwili ya uani haiuzwi, iachwe ikauke palepale. Na mwenye kukwama aseme mapema, hatumchukulii sufuria.

Viwavijeshi vamizi, walioingia nchini 2017, tunawaokota alfajiri katikati ya majani, tunatia na jivu. Kazi ya kuchosha, jamani. Lakini mwenzetu mmoja bado anayo madebe mawili darini.