Mtoto Asitumwe Sigara

(Maneno ya karani mmoja wa mgodi, aliyoyasema Keshero mbele ya wazazi na vijana)



Nimeombwa niseme na vijana wa miaka 12 mpaka 15 juu ya tumbako. Lakini nitaanza na sisi baba zao, na kwanza nitajisema mwenyewe. Nilivuta sigara miaka 9. Jioni nikitoka kazini, nilikuwa namtuma kijana wangu kwenye butike: “Niletee moja, uiwashe kwa makala ya mama yako.” Sigara haiwaki bila kuvutwa, jambo hilo mnalijua wote. Siku moja nikamkuta nyuma ya ukuta, akaivuta mara tatu kabla ya kuniletea. Alikuwa na miaka 11. Nikainua mkono nimpige, kisha nikaushusha, kwa maana mwalimu wake alikuwa mimi.

Ndugu zangu, ni nadra kumwona mtu wa miaka 40 ambaye hajavuta hata siku moja akianza leo. Marekani walilihesabu jambo hili, wakaona kwamba katika watu 10 wanaovuta kila siku, karibu 9 walionja kwanza kabla ya kutimiza miaka 18. Wenye viwanda wanalijua vizuri kuliko sisi. Mwaka 1984 watu wa kampuni moja ya huko waliandikiana kwa siri kwamba wavutaji vijana ndio pekee watakaoshika nafasi za wale wanaoacha na wale wanaokufa. Karatasi hizo zilitoka hadharani baadaye kwa ajili ya kesi. Mimi ni karani, najua kazi hiyo: mtu akiondoka, jina lake linafutwa, na jingine linaandikwa juu ya mstari uleule. Basi fikirini jina la nani linangojewa.

Sasa ninyi wadogo. Ndani ya tumbako mna kitu kiitwacho nikotini. Ukivuta, kinafika katika ubongo kwa sekunde chache tu. Ubongo wa mtu unaendelea kujengeka mpaka miaka 25 hivi, na ule wa kijana unashikwa upesi zaidi. Sigara ya kwanza inakukohoza na kukupa kizunguzungu. Hapo mwili wako unasema kweli. Ukiulazimisha utanyamaza, na kwa wengine, kabla ya majuma mengi kupita, unaanza kuidai wenyewe.

Nasikia wengine wanasema sigara inaleta nguvu ya kusukuma chukudu. Waulizeni wale wanaoleta mizigo kutoka Sake. Moshi una hewa mbaya inayokalia nafasi ya hewa safi katika damu, na moyo unalazimika kupiga mbio. Huo si mshahara wa nguvu, ni deni. Na kama inaua njaa, ni kweli, inaiua, lakini sahani inabaki tupu.

Kwenu ninyi wa mgodini nasema zaidi. Mwamba wa koltani kama ule wa Rubaya una ndani yake jiwe liitwalo kwatzi. Likipasuliwa linatoa vumbi jembamba ambalo jicho halilioni, nalo linaacha makovu ndani ya mapafu. Pafu lenye makovu hayo linapatwa na kifua kikuu kwa urahisi, na tumbako peke yake inaongeza hatari hiyohiyo. Basi mtu anakula vumbi mchana na moshi jioni, halafu anashangaa kupanda mlima kumemshinda kabla hajawa mzee. Vumbi tunalidai kwa wenye kazi: maji ya kulowesha mwamba, na vitambaa bora vya pua. Moshi tunaununua wenyewe.

Tena tunaununua ghali. Tuseme sigara moja ni franka 100, na mtu anavuta 5 kwa siku. Kwa mwaka ni sigara 1,825, ndiyo franka 182,500. Nilipoandika hesabu hiyo juu ya jina langu mwenyewe, nilikuwa nadaiwa pesa ya masomo ya huyo kijana.

Neno la mwisho ni kwa wenye butike. Mkataba wa dunia juu ya tumbako, ambao Kongo yetu iliuthibitisha mwaka 2005, unazitaka serikali zizuie kuwauzia watoto, tena zijitahidi kuzuia sigara kuuzwa moja moja, kwa sababu bei hiyo ndogo ndiyo bei ya mtoto. Paketi nzima mtoto haiwezi. Moja anaiweza, kwa chenji ya sukari. Sisemi mfunge butike zenu. Nasema mtoto akija, hata akitaja jina la baba yake, mwambieni baba aje mwenyewe.

Nami nimeacha, sasa ni mwaka wa tatu. Mwezi wa kwanza nilikuwa mkali nyumbani, mke wangu yuko hapa, atawaambia. Kijana wangu naye yuko hapa, ana miaka 14. Nilimwomba aseme yeye, akakataa kwa haya. Lakini naona mzee mwenye butike ya kule barabarani ameinua mkono. Karibu mzee, simama useme.