Kazi za mafuta ya Ziwa Albert: nani ataandikwa kwenye orodha?

Mazungumzo na familia za wakimbizi wa ndani, machifu na wakuu wa kambi, Bunia



Mliniomba niseme juu ya kazi za mafuta, kwa sababu habari imezunguka kambini kwamba ng'ambo ya ziwa wanaandika watu, na kwamba hivi karibuni wataandika hata upande wetu. Majuzi kijana mmoja alinijia na karatasi yenye muhuri. Alikuwa amelipa dola 120. Karatasi ilisema ataanza kazi Hoima kama "msaidizi wa mitambo". Nilimwuliza, mitambo ya nini? Hakujua. Simu ya yule aliyempa karatasi haikupatikana tena. Fedha hizo baba yake alizipata kwa kuuza nyavu zake, na nyavu zile ndizo mali ya pekee waliyokimbia nayo kutoka Tchomia. Kwa ajili ya huyo baba, naomba tuzungumze polepole na bila kudanganyana.

Ni kweli kwamba kazi za mafuta zipo Uganda. Mafuta yaligunduliwa kule mwaka 2006. Uamuzi wa mwisho wa kuweka fedha ulitangazwa Kampala tarehe 1 Februari 2022, yaani miaka 16 baadaye. Wengi wenu mnaikumbuka tarehe hiyo kwa sababu nyingine: usiku ule ule, kuamkia tarehe 2, kambi ya Plaine Savo ilishambuliwa na watu wapatao 60 wakauawa. Mambo hayo mawili hayakuhusiana, lakini yalitokea ng'ambo na ng'ambo ya ziwa moja. Basi simshangai kijana wa kambini ambaye moyo wake unaruka akisikia kwamba kule kuna mshahara.

Kule Uganda kuna sehemu mbili za visima. Ya kwanza ni Tilenga, katika wilaya za Buliisa na Nwoya, chini ya TotalEnergies ya Ufaransa. Ya pili ni Kingfisher, wilaya ya Kikuube, chini ya CNOOC ya China, na hiyo iko kando kabisa ya maji, ikitazamana na sisi. Kuchimba visima vya kutolea mafuta kulianza mwaka 2023 katika sehemu zote mbili. Kisha kuna bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, karibu na Tanga, kwenye bahari ya Tanzania. Mafuta ya kwanza yaliahidiwa kwa mwaka 2025, halafu yakasogezwa hadi 2026. Mnaona jinsi tarehe za mafuta zinavyosogea. Anayepanga harusi au karo ya watoto juu ya tarehe hizo, aweke na akiba.

Upande wetu mambo ni tofauti. Mwaka 2010 serikali yetu ilitoa vitalu viwili vya Ziwa Albert kwa makampuni. Mwaka 2014 tukasikia kwenye redio hesabu ya mapipa bilioni 3. Mwaka 2022 vitalu 27 vya nchi nzima viliwekwa kwenye mnada, vikiwemo vya bonde hili la Albert, na mwezi wa Oktoba 2024 mnada huo ukafutwa. Mpaka leo hakuna kisima hata kimoja kinachotoa mafuta Ituri. Mafuta ya Kongo yanatoka Muanda, kwenye mdomo wa mto, tangu mwaka 1975. Kwa hiyo mtu akikuambia leo kwamba anaandika wafanyakazi wa kisima cha Kasenyi au cha Mahagi, mwulize akuonyeshe kisima.

Sasa nataka tuelewe jinsi kazi hizi zinavyoingia na kutoka, maana hapo ndipo watu wengi wanaumia. Kwanza huja wapimaji. Wanahitaji watu wa kufyeka njia na kubeba vifaa, kwa majuma au miezi, basi. Wakiona dalili huja mtambo wa kuchimba kisima cha majaribio, na mtambo huo husafiri na watu wake wenyewe, waliozoea kazi hiyo nchi mbalimbali. Mwenyeji hapo anapata ulinzi, kufua, kupika. Baadaye, kama fedha zimepatikana, huja ujenzi: barabara, kambi, mabomba, matangi. Huo ndio wakati wa watu wengi, maelfu kwa maelfu, na hudumu miaka mitatu au minne. Ujenzi ukiisha mafuta yanaanza kutoka, serikali inashangilia, na siku hiyo hiyo wafanyakazi wengi wanapewa barua ya kuachishwa. Kisima kinachotoa mafuta hakihitaji watu wengi. Kinahitaji wachache wenye kusoma vipimo, kutengeneza pampu na umeme, na hao hukaa miaka ishirini.

Wale waliokwenda Durba wakati mgodi wa Kibali unajengwa, kabla ya dhahabu ya kwanza ya mwaka 2013, wanaujua mwendo huu bila mimi kuwafundisha.

Nchi ya Chad iliupitia kabla yetu. Bomba la kutoka Doba hadi Kribi, Kamerun, kilomita 1,070, lilijengwa kuanzia mwaka 2000, na mafuta yakaanza kutiririka mwaka 2003. Vijana walitoka kila pembe ya nchi wakaja karibu na lango la kambi ya Komé. Wakajenga vibanda, na mahali hapo pakaitwa Atan, kwa lile neno la Kifaransa la kungojea. Tafakarini jina hilo: mji mzima wa kungoja. Wenye kuandikwa waliandikwa kwa miezi, wengine hawakuandikwa kamwe, na waliokuwa wakulima waliacha mashamba. Nafikiri sisi tuliokaa kambini miaka hii yote tunajua kungoja ni nini. Tusiondoke kwenye kungoja kumoja tukaingia kungine.

Kuna swali la wale wenye jamaa Kyangwali. Ndiyo, kambi ya Kyangwali iko katika wilaya ile ile ya Kikuube iliyo na Kingfisher, na ndugu zetu wengi waliovuka ziwa mwanzoni mwa 2018 wako pale. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Lakini kanuni zao za mafuta za mwaka 2016 zinawatanguliza raia wa Uganda na makampuni ya Uganda, na shughuli kadhaa, kama usafirishaji, ulinzi na chakula, wametengewa wao. Kongo kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakukubadilisha kanuni hizo. Sisemi hayo kwa uchungu. Sisi tungefanya hivyo hivyo. Nasema ili mtu asiuze mbuzi kwa ajili ya nauli ya mtumbwi akidhani mlango uko wazi kama wa soko.

Je, kijana afanye nini basi? Ajifunze kazi ambayo mafuta yanaihitaji lakini haiishi mafuta yakichelewa. Fundi wa kuchomelea chuma ni mfano mzuri. Kwenye bomba hawaulizi kama unajua kuchomelea. Wanakupa kipande cha bomba kilichofungwa kwa mshazari, kisichozungushwa, wewe ndiye unayezunguka, juu na chini, kisha kazi yako inapigwa picha ya miale kuona kama ndani kuna tundu. Daraja hilo mafundi huliita 6G. Mwenye cheti hicho anapata kazi kwenye bomba, kwenye daraja, kwenye bwawa la umeme, kwenye mgodi. Asipopata yote hayo, atatengeneza milango na vitanda Bunia, na watu watamlipa. Ni vivyo hivyo kwa fundi wa umeme, dereva wa lori kubwa, fundi wa injini za dizeli, na mtu wa huduma ya kwanza. Ulizeni INPP kuhusu masomo yao kabla ya kumlipa mtu wa barabarani. Na Kiingereza, vijana! Makampuni ya ng'ambo ya ziwa yanaandika maagizo ya usalama kwa Kiingereza, na asiyeweza kusoma agizo hapewi hata ufunguo.

Kwa wamama nitasema kifupi, maana ninyi mnaelewa biashara kuliko mimi. Kambi ya wajenzi inakula kila siku. Lakini hainunui rundo moja moja. Inataka kilo mamia, kwa siku maalumu, na risiti. Kikundi cha wamama kumi wenye daftari moja na akaunti moja kinaweza kumwuzia mnunuzi mkubwa wa mboga au samaki. Mama mmoja na beseni lake atabaki langoni.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hasa, na hapa nawageukia machifu na wakuu wa kambi.

Katika kazi hizi, kampuni kubwa mara nyingi haiandiki vibarua yenyewe. Inampa kazi mkandarasi, mkandarasi anampa mwingine mdogo, na huyo mdogo anakuja kwa chifu na kusema: nipe orodha ya vijana 50 wa hapa. Mwisho wa mlolongo mzima ni karatasi moja mkononi mwa chifu. Sasa niwaulize: siku mafuta yakitafutwa ukingoni mwa ziwa, huko Djugu au Irumu, "vijana wa hapa" watakuwa nani? Wenyeji wengi wa vijiji hivyo wako humu, chini ya mahema. Orodha itaandikwa kule, na watakaokuwepo siku hiyo, na mtu wa kijiji kile atakuja kusikia kambini kwamba shamba la babu yake limepimwa na kazi zimekwisha kugawanywa. Halafu mnataka asikasirike? Atakasirika, na kuna watu wenye bunduki wanaongoja kijana aliyekasirika. Wao hawaombi cheti.

Upande mwingine pia una haki ya kusikilizwa. Yule aliyebaki, au aliyehamia pale kwa sababu na yeye alichomewa nyumba kwingine, ana watoto wanaotaka kula. Nikisema kazi zote ni za waliokimbia, nitakuwa nimewasha moto mwingine.

Tusisahau kwamba mafuta ya ziwa hili yameshamwaga damu. Tarehe 3 Agosti 2007 majeshi ya nchi zetu mbili yalipigana risasi majini, na Mwingereza mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya uchunguzi wa mafuta akauawa. Ilibidi marais wawili wakutane Ngurdoto, karibu na Arusha, mwezi uliofuata, kuzungumza juu ya mpaka na kisiwa cha Rukwanzi. Wakati huo hakuna pipa hata moja lililokuwa limeuzwa.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba orodha zetu ziandaliwe sasa, wakati hakuna kampuni mlangoni na hakuna franga mezani. Kila kijiji kiandike familia zake: waliobaki, walioko kambini, walioko Uganda. Pawe na safu mbili, kijiji cha asili na mahali mtu anapoishi leo. Kabila lisiandikwe. Hapa kwetu orodha ya majina ni kitu cha kuogopwa. Katika vita ya 1999 hadi 2003 jina peke yake lilitosha kumhukumu mtu. Ndiyo maana daftari hilo halitapewa mwanasiasa wala mtu yeyote mwenye silaha. Nakala moja ikae kwa chifu, moja kwa viongozi wa dini, moja kwa kamati ya amani ambamo jamii zote zina watu wao, na kila nakala iwe na sahihi za wote watatu.

Na siku kazi zikija, zikiwa 50 na vijana wakiwa 400, machifu wangu, msichague. Najua mtaombwa, mtaletewa kuku na bahasha, na shemeji atakuja usiku. Pigeni kura ya vikaratasi mbele ya watu wote, mchana, na mtoto mdogo ndiye atoe majina kwenye ndoo. Kwa kazi ya kufyeka na kubeba hiyo inatosha, maana kila kijana mwenye afya anaweza kuifanya. Kwa kazi ya ufundi, mwenye cheti atangulie, awe wa kijiji gani. Sehemu fulani iwekwe kwa walioko kambini. Ni ngapi, hilo ni la ninyi kubishana na kukubaliana, si langu.

Nakumbuka swali la mwisho lililoletwa na mkuu wa kambi: tutamjuaje mwongo? Mwenye kazi ya kweli anakulipa, hakuombi ulipe fomu, ulipe vipimo vya daktari, ulipe sare. Ana ofisi inayofunguliwa hata kesho. Anakubali uende na karatasi yake ukaionyeshe kwa mkaguzi wa kazi au kwa ONEM. Akikuambia haraka, nafasi zinakwisha leo jioni, mwachie aende na jioni yake.

Yule kijana wa dola 120 yuko hapa, ameniruhusu nimtaje bila jina. Hakuna aliyemrudishia. Sasa anajifunza kuchomelea kwa fundi mmoja mjini, na baba yake anaomba nyavu za kuazima.

Baada ya chakula tutaanza madaftari. Watangulie waliotoka Tchomia, wafuate wa Kasenyi, halafu wengine kwa zamu. Aliyepoteza kadi ya mpiga kura wakati wa kukimbia asirudi hemani: aje na mashahidi wawili, mmoja asiwe wa ukoo wake.