Shamba la Shule Liwe Darasa, Lisiwe Adhabu

Katika ncha ya kaskazini ya Kisiwa cha Mafia, mahali paitwapo Ras Mkumbi, umesimama mnara wa taa uliojengwa zama za utawala wa Wajerumani ili kuwaongoza mabaharia. Asimamaye chini ya mnara huo huona jambo moja waziwazi, nalo ni kwamba ardhi imekwisha. Mbele ni bahari, kulia ni bahari na kushoto ni bahari. Nyuma ndiko yaliko mashamba ya minazi, mikorosho, mihogo na kunde, kwenye udongo wa kichanga uliotanda juu ya miamba ya matumbawe. Mkulima wa bara akichoka na shamba lake aweza kujidanganya kwamba ng'ambo ya kilima liko pori jingine linalomngoja. Mkulima wa Ras Mkumbi hana nafasi ya kujidanganya hivyo. Akiuharibu udongo alio nao, hana mwingine.

Kwa hiyo, mahali hapa panafaa sana kwa kuuliza swali linalolihusu Taifa zima: mtoto wa shule afundishwe nini juu ya kilimo, na afundishwe kwa njia gani?

Kwanza yafaa ieleweke kwamba wazee wa kisiwa hiki hawakuwa wajinga. Walikata vichaka, wakachoma moto, wakapanda mpunga wa mvua na mihogo kwa misimu michache, kisha wakaliacha shamba lirudie kuwa kichaka. Majivu yaliupa udongo rutuba ya muda mfupi. Kichaka nacho kiliirudisha rutuba kwa majani yake yaliyoanguka na kuoza mwaka baada ya mwaka. Huo ulikuwa utaratibu wenye akili, lakini ulihitaji kitu kimoja, yaani nafasi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 46,000 katika Wilaya ya Mafia; sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya 66,000. Watu wameongezeka, kisiwa hakikuongezeka. Shamba linaporudiwa kabla halijapumzika vya kutosha, moto uliokuwa msaada hugeuka kuwa mwizi, kwa maana huunguza yale majani ambayo yangalikuwa chakula cha udongo.

Aghalabu hifadhi ya ardhi inapotajwa, watu hufikiri makorongo ya Kondoa. Ni kweli kwamba huko uharibifu ulikuwa mkubwa hata mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ukaanzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka ili majani yapate kuota tena. Lakini mtoto wa Ras Mkumbi akionyeshwa picha za makorongo hayo tu, atasema kwamba kwao hakuna milima, basi hakuna hatari. Atakuwa amekosea, na kosa litakuwa la mafundisho aliyopewa. Katika udongo wa kichanga hasara haionekani kwa macho. Mvua ya masika hupenya mchanga upesi, na chakula cha mimea huyeyuka na kuzama chini zaidi ya mizizi. Shamba halina korongo hata moja, lakini muhogo huzaa vidole badala ya mizizi minene.

Jambo hili laweza kufundishwa kwa makopo mawili matupu. Mwalimu ayatoboe chini kwa msumari. Kopo la kwanza litiwe mchanga mtupu; la pili litiwe mchanga uleule uliochanganywa na mboji iliyooza barabara. Kila kopo limwagiwe maji kwa kipimo kilekile, na wanafunzi wayakinge na kuyapima maji yatokayo. Watakuta kwamba mchanga mtupu umeyaachia maji mengi, na ule wenye mboji umeyashika mengi. Kisha waambiwe kwamba mbolea ya chumvichumvi iliyonunuliwa kwa fedha za mzazi hupita njia ileile ya maji. Hapo watafahamu kwa nini katika udongo wao mbolea hiyo hutiwa kidogo kidogo kwa nyakati mbalimbali, na kwa nini haiwezi kuchukua nafasi ya samadi na mboji. Kilimo cha kisasa hakianzii kwenye mfuko wa mbolea wala kwenye trekta. Huanzia pale mkulima anapojua sababu ya kila alitendalo.

Kutoka kwenye makopo wanafunzi waende shambani. Wapime vipande viwili vya ardhi vilivyo sawa kwa ukubwa na kwa udongo. Kimoja kilimwe kwa kuchoma. Kingine kifunikwe kwa majani makavu na kupandwa kunde au mbaazi katikati ya mihogo. Waing'oe mizizi michache ya kunde na kuviona vile vinundu vidogo ambamo viumbe visivyoonekana kwa macho huichukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Mihogo ya pande zote mbili itoke kwenye mbegu ya aina moja na ipandwe siku moja. Wakati wa mavuno, mizani iseme.

Mbegu yenyewe ni somo kubwa. Muhogo hupandwa kwa vipande vya shina, na ugonjwa ulio katika shina huhama pamoja nalo. Mwanafunzi afundishwe kuitambua batobato, ambayo hukunja majani na kuyatia mabaka, na ambayo huenezwa pia na nzi weupe. Afundishwe vilevile kuhusu michirizi kahawia, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza na watafiti wa kituo cha Amani, mkoani Tanga, mwaka 1936. Ugonjwa huu una hila: mti waweza kuonekana una siha njema, na siku ya kung'oa mizizi ikakutwa imeoza kwa ndani. Mtoto ajuaye kuchagua mbegu kutoka kwenye miti safi, na kuikataa hata ya jirani mwema ikiwa ina dalili, amekwisha kuiokoa sehemu ya chakula cha nyumba yake.

Tena wapo maji moto, wale chungu wekundu washonao majani ya mnazi na mkorosho kuwa viota. Mtoto huumwa nao, naye hutamani kuwachoma moto. Lakini utafiti uliofanywa Unguja tangu miaka ya 1950 ulionyesha kwamba chungu hao huwafukuza wadudu wanaofyonza vidaka vya nazi na kuviangusha kabla havijakomaa. Mtu apulizaye dawa ovyo huwaua walinzi wake mwenyewe. Wanafunzi wahesabu vidaka vilivyodondoka chini ya minazi yenye maji moto na chini ya minazi isiyo nao, nao watajionea.

Katika kazi zote hizo pawepo daftari. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tarehe ya kupanda, siku za mvua, saa za kazi, uzito wa mavuno, sehemu iliyoliwa shuleni na fedha iliyopatikana kwa kuuza, yote yaandikwe na wanafunzi wenyewe. Hesabu haitakuwa tena jambo la ubaoni tu, na hakuna atakayeuliza kwa mnong'ono mavuno yamekwenda wapi.

Ndugu wananchi, hapa ndipo penye kiini cha jambo. Si siri kwamba katika shule nyingi nchini jembe limekuwa fimbo ya pili. Aliyechelewa hupelekwa shambani, aliyepiga kelele hupelekwa shambani, aliyeshindwa hesabu hupelekwa shambani. Kisha watu wazima hushangaa kwamba kijana akimaliza shule hukimbilia Dar es Salaam na hataki kulitazama jembe. Wasishangae. Kwa miaka saba amefundishwa kwa vitendo kwamba kulima ni malipo ya makosa.

Historia imekwisha kutoa onyo. Katika milima ya Uluguru serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na mwaka 1955 wananchi wakainuka kuyapinga. Hifadhi ya ardhi ilikuwa jambo jema, lakini ililetwa kwa amri na faini, nayo ikachukiwa pamoja na walioileta. Shule inayotumia jembe kama adhabu yarudia kosa lile la ukoloni juu ya watoto wake yenyewe.

Mwalimu Nyerere hakukusudia hivyo alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Alieleza kwamba tabia ya mbolea ifafanuliwe katika somo la sayansi, na matumizi yake pamoja na mipaka yake yaonekane shambani. Alieleza pia kwamba wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba lao na waione faida ya jasho lao. Mitaala iliyoboreshwa, iliyoanza kutumika Januari 2024, imeweka mkondo wa amali katika sekondari, na kilimo kimo. Lakini mtaala ni karatasi mpaka mwalimu autie uhai.

Wapo wazazi wasemao kwamba wamempeleka mtoto shule asome, si alime. Wasidharauliwe. Mzazi ambaye amemwona mwanawe akitumwa kupalilia shamba la mtu binafsi ana haki ya kulalamika, na malalamiko yake yasikilizwe. Njia ya kumjibu ni kumwalika siku ya mavuno, asimame kando ya mizani, amsikie mwanawe akieleza kwa nini kipande hiki kimezaa kuliko kile. Mzazi huyo huenda akarudi nyumbani na maarifa ambayo bwana shamba hajapata nafasi ya kumfikishia. Tena chakula cha shamba hilo kianze kuliwa na watoto waliolilima. Haifai mtoto alime asubuhi, kisha asinzie darasani mchana kwa njaa.

Kila mmoja ana wajibu wake. Mwalimu aondoe jembe katika orodha ya adhabu. Bwana shamba ahesabu shule kuwa sehemu ya kazi yake, alete mbegu safi na kufuatilia. Wazee waje waeleze jinsi vichaka vilivyokuwa vikipumzishwa, maana elimu mpya isiyouliza ya zamani hupotea njia. Viongozi wa Chama na Serikali wakizuru shule waombe kuonyeshwa daftari la shamba kabla ya kuandaliwa meza.

Mnara wa Ras Mkumbi ulijengwa ili kuwaambia mabaharia mapema mahali bahari inapokwisha. Watoto wanaokua karibu nao wanahitaji kuambiwa mapema pia mahali ardhi inapokwisha, wakiwa bado na muda wa kuitunza. Kazi hiyo yaweza kuanza msimu huu, kwa makopo mawili, msumari na daftari.